Mlango wa Jikoni kwa Dada

Jioni ile nilitumwa mafuta ya cherehani.

Dada yangu alikuwa amechoshwa na mlango wa jikoni. Bawaba zake zilikuwa zimekauka, na kila ulipofunguliwa ulitoa mlio mrefu wa kukwaruza, kriiiii, hata paka wa jirani akaacha kuja kuiba. Tangu nihamie kwake nilikuwa nimeahidi kuupaka mafuta. Nilisema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

"Mdogo wangu," aliniambia akiwa ameshika kiuno, tumbo limemtangulia, "nikitoka kujifungua nikaukuta mlango huu bado unapiga kelele, utalala nje wewe na kompyuta zako."

"Leo leo, dada."

"Leo yako naijua. Nenda sasa hivi, kabla giza halijaingia."

Tumbo lile lilikuwa la pili. La kwanza liliisha vibaya. Mtoto alitoka, na dada akalala pale kitandani akisubiri kusikia kilio. Akasubiri. Hakikuja. Tangu siku ile hakuomba mtoto mzuri, wala wa kike, wala wa kiume. "Nataka alie tu," alikuwa akisema. "Alie mpaka majirani wanichukie." Huyu wa sasa alikwisha kumpa jina akiwa bado tumboni: Kengele. Shemeji yangu, dereva wa malori ya safari ndefu, alipiga simu kila jioni, na kabla hata ya salamu aliuliza, "Kengele wangu hajambo?"

Mimi kazi yangu ni milio. Natengeneza sauti za michezo ya kompyuta: mtu akiruka, akipigwa, akiokota sarafu. Wenzangu wananiita Sikio. Tulikuwa watatu: mimi, Mchoraji, na Bosi, ambaye hatukumwita hivyo kwa cheo, bali kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mshonaji tuliyemwita Mama Pindo. Kutwa cherehani yake ilitutwanga chini ya miguu, tra-ta-ta-ta, nami nilizoea kuichambua kwenye rekodi zangu kama mtu anavyochambua mawe kwenye mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kuazima nini?"

Nilimweleza habari za mlango. Akacheka, akanijazia mafuta kwenye kichupa kidogo cha dawa ya macho. "Kichupa nakitaka," alisema. "Mkasi wangu uliuchukua, nikaupata mwaka uliofuata."

Ningeteremka ngazi mbili za barazani nikaenda nyumbani. Lakini mtu wa kompyuta hapiti karibu na kompyuta yake bila kuigusa. Nikapanda juu. Dakika mbili tu, nikasema.

Siku zile tulikuwa tukitengeneza mchezo wa kutisha. Nyumba tupu, milango mingi, mtoto wa mzimu anayezurura vyumbani. Picha zilikuwa tayari. Sauti ndizo zilizokuwa hazijakamilika, na Bosi alikuwa amenikalia kooni. Kwenye kundi letu la simu nikakuta mtu ameweka linki, na neno moja chini yake: *Jaribu.*

Nilijua ni Bosi. Nani mwingine?

Anayetengeneza michezo bila fedha anavifahamu vifaa vya namna ile. Ni ukurasa tu, unafunguka kwenye kivinjari, husakinishi chochote. Kuna kitufe cha kuruka, cha sarafu, cha mlipuko. Unabonyeza, unapata pyu, tiling, bumm. Unapakua faili, unaendelea na maisha.

Huu haukuwa na vitufe hivyo. Ulikuwa mweusi mtupu. Katikati palikuwa na kisanduku: *Andika jina la kitu.* Chini yake, kitufe kimoja: *Toa.* Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za kuumiza macho: *Hakuna sauti mpya.*

Nikavaa hedifoni, nikaandika: mlango. Ukatoka mlio wa hovyo, kama debe limepigwa teke. Nikasonya. Lakini mimi ni mbishi. Labda jina la jumla linatoa mlio wa jumla, nikawaza. Nikaandika upya: mlango wa jikoni kwa dada.

Toa.

Kriiiii...

Nilivua hedifoni nikageuka nyuma.

Haukuwa mlango unaofanana na wetu. Ulikuwa wetu. Kile kigugumizi cha katikati, pale bawaba inapokwama, kilikuwepo. Mwishoni ukasikika hata ule mgongano mdogo wa mlango na ndoo tunayoiweka nyuma yake. Na chumbani kukapita harufu, kama ya utambi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Mngeogopa, najua. Mimi nilifurahi! Mtu wa kazi yangu akipata sauti nzuri haulizi imetoka wapi, kama mwenye njaa asivyouliza nani kapika. Nikaandika: cherehani ya Mama Pindo. Ikatoka safi, imekamilika, na ile tiki-tiki ya gurudumu likisimama. Nikagundua kuwa chini kumekuwa kimya. Nikadhani mama wa watu kafunga duka.

Kilichobaki ni kengele ya mlango wa mbele. Hapo ndipo mzaha uliponipanda. Nikacheka peke yangu kama zuzu, nikaandika: Kengele wa dada.

Mzaha mzaha hutunga usaha.

Safari hii ukurasa ulichelewa. Harufu ya utambi ikaja kabla ya sauti, nzito, ikanikaa kooni. Kisha...

Mtoto alilia. Mchanga kabisa. Kilio cha pumzi ya kwanza, kikali, chenye hasira na maji maji kooni. Alilia, akavuta pumzi, akalia tena. Kisha kukawa kimya.

Bosi alinikuta nimeganda. Akachomoa waya wa hedifoni ili asikie, akasikiliza zote mbili, ya mlango na ya mtoto, macho yakamtoka.

"Tugeuze," akasema. "Mlango ukifunguliwa, ulie kama mtoto. Yule mtoto wa mzimu akifungua mdomo, akwaruze kama mlango. Watu watalala na taa!"

Katika kazi yetu hilo si ajabu. Mfupa unaovunjika kwenye mchezo ni karoti. Moto ni mfuko wa plastiki unaofinyangwa. Kila kitu kinasema kwa sauti ya kingine. Bosi akazihamishia kwake zile mbili ili aziingize kwenye mchezo usiku huo, nami nikabaki na ya cherehani.

Wakati nashuka, nilimwona Mama Pindo. Hakuwa amefunga. Alikuwa ameinama juu ya cherehani, miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, kitambaa kinapita. Sikuona kasoro yoyote. Nilikuwa na haraka.

Nyumbani dada alitoka jikoni na sufuria, akausukuma mlango kwa nyonga.

Haukulia.

"Ahsante," akasema, kwa mshangao. "Umeupaka saa ngapi? Sijakuona ukiingia."

Kichupa kilikuwa mfukoni mwangu. Kimejaa.

Niliufungua mlango ule, nikaufunga. Nikaufungua kwa nguvu mpaka ukaigonga ndoo. Ndoo ikaanguka, na hata hapo sikusikia mgongano wowote. Nikajiambia ni uchovu. Usiku ule nilimsikia dada akimwimbia tumbo lake chumbani, nami nikavuta shuka mpaka juu ya masikio.

Asubuhi Mama Pindo alikuwa amekaa mlangoni pa duka, hashoni. Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mwanangu," alinong'ona, "njoo usikilize."

Akakanyaga cherehani. Sindano ikapanda na kushuka, uzi ukatembea, mshono ukatoka umenyooka.

Kimya.

"Inashona lakini haisemi," akasema. "Tangu jana jioni. Nimeishi na sauti ya mashine hii kuliko nilivyoishi na mume. Nani ameichukua?"

Nilipanda ngazi, nikafungua ule ukurasa. Chini ya *Toa* palikuwa na kitufe ambacho jana hakikuwepo: *Rudisha.* Ukitaka kurudisha, uliagizwa kuweka faili la sauti, kisha uandike jina la mwenye sauti.

Nikaweka faili lililoitwa "cherehani". Nikaandika: cherehani ya Mama Pindo. Nikabonyeza.

Tra-ta-ta-ta-ta! Chini Mama Pindo alipiga ukelele. Kwenye skrini pakaandikwa: *Imerudi. Haichukuliwi tena.* Faili likawa limetoweka kwenye kompyuta yangu, kama halikuwahi kuwepo.

Hapo ndipo lile jina la mwisho, Kengele wa dada, liliponirudia.

Nilimpigia Bosi. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Alikuwa safarini na kompyuta yake, alisema Mchoraji, kaenda kumwona mama yake, atapatikana jioni. Nikamtumia ujumbe: *Zile sauti mbili, nitumie haraka, ni uhai wa mtu.* Nikashuka. Mama Pindo alinitazama usoni, akaacha kucheka.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza yote, bila kupumua. Alifunga kanga yake upya kiunoni kabla ya kusema.

"Sijui kompyuta," alisema taratibu. "Ila najua mchawi haingii pasipo mlango. Lazima atajiwe jina. Wewe umemtajia." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na ukisikia unaitwa na usiyemwona, mwanangu, usiitike. Hata kama sauti unaijua."

Simu ikalia. Ilikuwa jirani yetu. Chupa ya dada imepasuka, wamempeleka wodi ya wazazi.

Kutwa nzima nilikaa kwenye benchi la korido ya wodi, kompyuta mapajani, simu mkononi. Nilimwomba Mungu, nikamwomba Bosi. Ng'ambo, nyuma ya pazia la kijani, dada aliguna, akanyamaza, akaguna tena. Madirisha yakaanza kugeuka rangi ya kutu, jua likizama.

Kisha nikamsikia mkunga. "Haya, mama. Huyooo! Mtoto wa kike!"

Nikasimama.

Hakuna kilio.

"Mbona halii?" Ilikuwa sauti ya dada. "Mbona halii? Nesi, mbona halii?"

"Analia," mkunga akasema. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho mkunga hatakiwi kuwa nacho. "Anapumua vizuri. Rangi yake nzuri. Tazama mdomo, mama... analia."

"Mbona simsikii?"

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Bosi. Faili mbili, na swali chini yake: *Kuna nini? Na ile linki yako uliipata wapi?*

Linki yangu? Nilidhani yako, nikataka kuandika. Sikuwa na muda. Mtandao ulikuwa unasuasua. Nikaufungua ule ukurasa kwa vidole vya jasho. Korido nzima ikanuka utambi uliozimwa.

Faili moja lilikuwa na jina "mtoto". La pili lilikuwa na jina "mlango".

Ningezisikiliza. Sekunde tatu zingetosha. Kazi yangu ni kusikiliza, jina langu ni Sikio. Lakini nyuma ya pazia dada alikuwa anapiga kelele akimwita Kengele, nami sikuweza, wallahi sikuweza kukifungulia kile kilio mbele yake kitoke kwenye kompyuta. Nikachukua "mtoto", nikaandika: Kengele wa dada. Rudisha. Nikachukua "mlango", nikaandika: mlango wa jikoni kwa dada. Rudisha.

*Imerudi. Haichukuliwi tena.*

*Imerudi. Haichukuliwi tena.*

Nyuma ya pazia dada alinyamaza.

Kriiiii...

Mtu kafungua mlango, niliwaza. Daktari kaingia.

Kriiiii... na kigugumizi katikati.

Chumba kile hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia.

Kitu cha chuma kikaanguka sakafuni. Mkunga alitoka na kupita mbele yangu bila kuniona, kiganja kimeziba mdomo wake. Nami, nikiwa nimesimama pale, nikamkumbuka Bosi jana yake, macho yamemtoka kwa furaha. *Tugeuze.* Alikuwa ameyapa mafaili majina ya kazi zao ndani ya mchezo, kilio kikawa "mlango" na mkwaruzo ukawa "mtoto", kama tunavyofanya siku zote, kama ambavyo mimi mwenyewe ningefanya. Nikarudi kwenye ukurasa, nikaandika anwani yake tena na tena. *Ukurasa haupatikani.* Kwenye kundi letu la simu nilitafuta ile linki mpaka macho yakauma. Haikuwepo, wala lile neno *Jaribu*. Mchoraji naye aliapa kwamba hakuwahi kuiona.

Dada alinituma nyumbani nikachukue nguo za mtoto. Uso wake ulikuwa mkavu, amemkumbatia mwanawe kifuani, amemfunika mdomo kwa kanga. Zile nguo alikuwa amezianika jikoni, kwenye kamba juu ya jiko.

Nilisimama mbele ya mlango ule muda mrefu. Nikausukuma kwa kidole kimoja.

Ukalia.

Kilio cha pumzi ya kwanza. Kikali, chenye hasira na maji maji kooni. Nilikaa sakafuni nikalia pamoja nao.

Madaktari walimpima Kengele koo na mapafu. Walisema ni mzima, ni namna tu alivyoumbwa, labda akikua itabadilika. Shemeji alirudi safari, akamsikiliza binti yake mara moja, akatoka nje kuangalia matairi ya lori mpaka giza likaingia. Bosi aliufuta mchezo wote. Hatukuuongelea tena.

Sikumwambia dada. Sikuhitaji. Siku aliyotoka wodini alimlaza mtoto, akaenda jikoni kuchemsha maji. Nilisikia mlango ukilia. Nilisikia ukilia tena, taratibu, kama mtu anauvuta kidogo kidogo. Nilipofika alikuwa amesimama ameushika kwa mikono miwili, blauzi imelowa maziwa kifuani. Hakunitazama.

"Kile kichupa cha mafuta," alisema, "kiko wapi?"

Nikampa. Akakirusha dirishani.

Tangu hapo kila jioni, kabla ya kuwasha taa, dada hukaa kwenye kigoda jikoni na kuufungua na kuufunga ule mlango. Majirani wamelalamika. Amewaambia wavumilie, mtoto mchanga ndivyo alivyo. Na mimi nimeona jambo ambalo yeye, nadhani, aliliona kabla yangu: siku hizi mlango hausubiri kuguswa. Kengele akishikwa na njaa chumbani, unalia wenyewe jikoni. Akishiba, unanyamaza.

Sasa amefika umri wa kusema. Juzi magharibi dada alikwenda dukani kununua chumvi, akaniachia nimpakate. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Kengele alinitazama usoni kwa makini, akakunja midomo, akatoa mkwaruzo mfupi wa bawaba. Na kule jikoni, nyuma ya mbao, sauti ndogo ya mtoto wa kike ikasema:

"Mjomba."

Nikalikumbuka onyo la Mama Pindo, neno kwa neno. Nikaubana mdomo.

"Mjomba..."

Kengele hakuondoa macho yake kwangu. Alikuwa anasubiri, kama mtoto yeyote aliyemwita mtu wake. Midomo yake ilianza kutetemeka. Angelia, na kilio chake nakijua kinavyosikika. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Nisipomwitika mimi, nani atamwitika?

"Naam, Kengele," nikasema.

Harufu ya utambi ikajaa sebuleni. Mlango wa jikoni ukafunguka taratibu, mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto huyu azaliwe, haukutoa mlio wowote. Sikuona mtu pale. Lakini Kengele alicheka, akageukia jikoni, akainua mikono yote miwili juu, kama anavyoiinua akimwona mtu anayekuja kumbeba.